Majibu ya Figo: Karatasi Isiyo na Nyota



Jioni hii ninazo mbele yangu karatasi mbili za majibu ya damu. Ya kwanza ni ya shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 72, ambaye ukimpandisha kwenye mizani hazidi kilo 45. Ya pili ni ya kijana wa jirani, mbeba magunia sokoni, miaka 25, kilo 80. Kwenye mstari wa kreatinini wote wawili wameandikiwa 100. Pembeni maabara imechapa kiwango cha kawaida, 53 hadi 115. Hakuna nyota ya kuonya, si kwa huyu wala kwa yule. Shangazi akaambiwa figo zake ni nzima, akaandikiwa vidonge vya diklofenaki vya miezi mitatu kwa ajili ya magoti.

Nami ndipo nilipoona heri tulizungumze jambo hili.

Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli. Kila siku huingia damuni kwa kiasi kisichobadilika sana, nazo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Figo zikilegea, taka hurundikana na namba hupanda. Mpaka hapo hakuna ugumu. Lakini mwenye misuli michache hutengeneza taka kidogo. Kwa hiyo 100 ya mbeba magunia maana yake taka ni nyingi na figo zinaimudu. 100 ya bibi mwembamba maana yake taka ni chache, na hata hizo chache hazifagiliwi vizuri.

Mwaka 1976 mabwana Cockcroft na Gault walichapisha hesabu ambayo mtu aweza kuifanya kwa kalamu. Toa umri kutoka 140, zidisha kwa kilo za mgonjwa, zidisha tena kwa 1.23 akiwa mwanamume au 1.04 akiwa mwanamke, kisha gawa kwa kreatinini. Kijana wetu anapata 113. Shangazi anapata 32. Hayo ni makadirio ya mililita za damu zinazosafishwa kila dakika. Siku hizi zipo hesabu mpya zaidi, na majibu yake hayatalingana na haya moja kwa moja, lakini pengo la namna hiyo halifichiki. Uchujaji ukiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, madaktari huuita ugonjwa sugu wa figo. Na diklofenaki, kama dawa nyingine za jamii yake, hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Katika hizo hesabu mpya kuna jambo moja linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Ile ya Marekani ya mwaka 1999 iliagiza jibu la mtu mweusi liongezwe, ati kwa kudhani kwamba misuli yetu ni mikubwa. Matokeo yake figo mbovu ilionekana nafuu kwenye karatasi. Mwaka 2021 wakatoa hesabu isiyouliza rangi. Ukiona maabara yako bado inachapa mistari miwili, mmoja wa weusi na mmoja wa wengine, muulize daktari anasoma upi.

Tazameni pia kipimo kilichotumika. Msikilizaji mmoja alinijia amefadhaika: hospitali ya kwanza kreatinini ilikuwa 1.2, ya pili ikawa 106. Nikamwambia azidishe 1.2 kwa 88.4. Ni kitu kilekile, ila wa kwanza wamehesabu miligramu kwa desilita na wa pili mikromoli kwa lita. Alikuwa ameshaanza kuaga ndugu.

Yurea sitaikalia sana. Ikipanda peke yake huku kreatinini imetulia, ulizeni kwanza kama mgonjwa anakunywa maji ya kutosha, na kama choo chake ni cheusi, maana damu inayovuja tumboni huipandisha.

Potasiamu ndiyo inayotaka akili. Kawaida yake ni kama 3.5 hadi 5 hivi. Ikizidi 6.5 moyo waweza kusimama bila kupiga hodi. Lakini karibu potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli, si katika majimaji ya damu. Chembe zikipasuka kwa sababu damu ilivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, au chupa ikakaa kutwa ikisubiri gari la kwenda mjini, potasiamu humwagikia nje na jibu hupanda, na mgonjwa mwenyewe hana neno. Hata kumwambia mtu afumbe na kufumbua ngumi wakati wa kutolewa damu huipandisha. Na wanaoiweka damu nzima kwenye friji wakidhani wanaihifadhi, huiharibu zaidi.

Basi jibu la kutisha litupwe? Hasha. Lirudiwe saa hiyohiyo, si wiki ijayo, na moyo upimwe kwa mashine ya umeme wakati mnangoja. Likiwa la kweli, daktari ataangalia dawa: spironolaktoni na losartani hupandisha potasiamu. Nanyi wa pwani, mwenye figo dhaifu asipelekewe madafu ya kumpa nguvu. Dafu limejaa potasiamu.

Kuhusu sodiamu, ikiwa chini watu hukimbilia kuongeza chumvi mchuzini. Mara nyingi namba hiyo husimulia habari za maji kuliko za chumvi: mwili umebakiza maji mengi mno, au mzee anatumia vidonge vya kukojoza vya presha. Chumvi ya mchuzini yaweza kumwongezea presha bila kuponya chanzo.

Shangazi nilimrudisha hospitali juzi. Daktari, kijana mpole, alifanya hesabu mbele yetu, akanyamaza kidogo, akasema, "Shikamoo mama, naomba tuanze upya." Diklofenaki zikasimamishwa, akaandikiwa dawa ya kuchua na parasetamo, mkojo ukapimwa protini, damu itarudiwa baada ya miezi mitatu. Shangazi analalamika kwamba magoti yanamuuma usiku. Vidonge vilivyobaki ninavyo mimi.