MAJI YA KIJANI
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa ziwani)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twasema habari za maji, kwani mshahara haumfai mtu aliye mgonjwa.

Sisi tufanyao kazi kando ya ziwa, tangu Homa Bay na Mbita hata Muhuru katika Migori, twaujua ule utando wa kijani unaotanda juu ya maji siku za joto pasipo upepo. Wengi wetu huusukuma kando kwa mkono, tukateka maji, tukachemsha, tukanywa. Tulidhani moto umemaliza kazi. Sivyo.

Wataalamu wameyapima maji ya Ghuba ya Winam, wakaona ndani yake vijidudu viitwavyo sayanobakteria. Baadhi yake hutoa sumu iitwayo mikrosistini, nayo hushambulia ini. Moto huua vijidudu, lakini sumu hauiondoi. Tena vijidudu vikipasuka huimwaga majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha maji ya kunywa siku zote: mikrogramu 1 kwa lita, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996, sumu hii iliingia katika mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Kwa nini imezidi kwetu? Ghuba yetu haina kina kirefu, na mlango wake ni mwembamba. Mbolea ya mashamba na uchafu wa miji huletwa na mito, ikawa ndiyo chakula cha vijidudu hivyo.

Basi tufanye nini? Tusiteke maji penye utando. Tutumie kisima au maji ya mvua. Watoto wasioge hapo, wala ng'ombe wasinywe. Samaki mkubwa atolewe matumbo na ini. Omena huliwa mzima. Kwa hiyo twataka apimwe pamoja na maji, na majibu yabandikwe ufukoni kwa Kiswahili na Kijaluo.

Tena, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi aweke maji safi ya kunywa karibu na wafanya kazi wake. Tukiyadai hatuombi sadaka.

Kila tawi liyajadili haya, na katibu aletewe orodha ya mahali pasipo na maji safi kabla ya mkutano ujao.