Majipu Mawili ya Ini



Tusikiapo habari za jipu la ini twadhani ni ugonjwa mmoja. Sivyo, magonjwa ni mawili, wala dawa zake hazilingani.

La kwanza huletwa na amiba, mdudu asiyeonekana kwa macho, aingiaye kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hukaa katika utumbo mpana, kisha huchukuliwa na damu mpaka ini. Jipu lake kwa kawaida ni moja, upande wa kuume, nalo huwapata zaidi wanaume wa miaka 18 hadi 50, yaani watu kama sisi. Usaha wake ni wa hudhurungi, wala haunuki. Mgonjwa aweza kuwa hakuhara kamwe. Choo chake kikipimwa kisionekane mdudu, tusiseme amepona. Yafaa damu ipimwe.

La pili huletwa na bakteria, mara nyingi kutoka njia za nyongo. Wazee na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Majipu huweza kuwa mengi, na usaha wake mara nyingi hunuka vibaya.

Yote mawili huleta homa na maumivu chini ya mbavu za kuume. Basi tusimlaumu daktari akimtoboa mmoja kwa sindano ili kutoa usaha, na mwenzake akampa metronidazoli tu. Jipu la amiba mara nyingi hupona bila kutobolewa. Lakini vidonge hivyo vikiisha, yapasa kumeza dawa ya pili ya kuua amiba waliosalia utumboni. Mtu akiiacha hiyo kwa kuwa maumivu yametoka, jipu laweza kurudi.