Mzazi na Mtoto Aliyemaliza Chuo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona masjala, wala hatulitaji mkutanoni: kumlisha na kumvika mtoto aliyekwisha pata shahada.

Wazee waliotutangulia katika kazi hii walizoea ya kuwa cheti ndicho kazi yenyewe. Leo sivyo. Mhitimu wa Tanzania hupeleka maombi yake kwa Sekretarieti ya Ajira, hufanya usaili pamoja na umati wa wenzake wagombeao nafasi chache, kisha hungoja. Mzazi amwitaye mvivu mwana aliyekwisha andika barua arobaini amdhulumu.

Lakini uangalieni mfuko unaomngojea. Ninyi makarani mwaijua kanuni ya theluthi: makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, mtumishi abakiwe na theluthi moja ya kuishi. Mkopo wa benki umo katika hesabu hiyo. Fedha apewayo mtoto wa miaka 26 haimo. Hutoka katika ile theluthi iliyohifadhiwa, wala hapana mhasibu wa kuizuia. Nimemwona mwenzetu mmoja akikopa mara ya tatu alipe pango la mwanawe mjini, na huku binti yake mdogo angoja karo ya chuo cha uuguzi. Sikumcheka, nilihesabu miaka yake. Ilibaki mitatu kufikia 60, umri wa kustaafu kwa lazima.

Hapo ndipo penye hatari. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Mzazi akikitoa chote kumfungulia mwanawe duka, na duka likafa, pensheni ya mwezi itawalisha wote wawili.

Wako wasemao, mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sikubali kabisa, maana mtoto si mgeni kwa babaye. Lakini jembe apewe. Naona heri wazazi wakae naye, waandike katika daftari: kiasi fulani kwa mwezi, kwa miezi kadha, kisha watazame tena. Nauli ya kwenda usaili isikatwe kamwe. Chumba cha nyumbani ni rahisi kuliko pango la mjini, hata kama kijana aona haya kurudi. Naye ashike kazi yo yote ya halali, hata kuuza mchele; shahada haitachafuka. Wala binti asinyimwe apewacho kaka yake kwa kudhaniwa ataolewa tu.

Tena tusimdai upesi. Aliyesoma kwa fedha ya Bodi ya Mikopo, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2016 ilikuwa 8. Mzazi akimngojea na orodha ya bati, ng'ombe na karo za wadogo, atamtia katika madeni kabla hajanunua kitanda. Wadogo wasaidiwe, naam, ila baada ya mwaka.

Bwana Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, nami naona mikono imekwisha inuliwa huko nyuma.