Mahali pa Kufunga Mashua Mjini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama hapa. Katika barua ya mwaliko niliambiwa nichague jambo lolote nilijualo kwa kuliona, mradi lisiwe siasa wala mahesabu ya ofisini. Basi nimechagua jambo ambalo huenda likawashangaza: namna ya kupata mahali salama pa kufunga mashua katikati ya mji mkubwa. Naona baadhi yenu mnatazamana. Nivumilieni kidogo, maana jambo hili litawafaa hata wale ambao hawatapanda mashua maisha yao yote.

Mwaka 2014 nilipelekwa masomoni Birmingham, Uingereza. Mji huo uko bara kabisa, mbali na bahari, lakini umepitiwa na mifereji ya maji kila upande. Haikuchimbwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba, bali kwa kupitisha mizigo. Mhandisi James Brindley ndiye aliyeongoza kazi ya mfereji wa kwanza wa mji huo. Makaa ya mawe ya kwanza yalifika kwa maji kutoka Wednesbury mwaka 1769, na mfereji mzima ukakamilika mwaka 1772. Kabla ya reli, farasi mmoja akitembea ukingoni aliweza kukokota shehena ambayo barabarani ingehitaji mikokoteni mingi.

Mashua za huko ni za namna ya pekee. Upana wake hauzidi futi 7, kwa sababu malango mengi ya maji yalijengwa kwa kipimo hicho, lakini urefu waweza kufika futi 70. Mwendo ulioruhusiwa ni maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Siku hizi mizigo ni michache sana. Mashua nyingi ni za matembezi, na nyingine ni nyumba za watu: mna kitanda, jiko la makaa, rafu ya vitabu, na bomba la moshi juu ya paa.

Chuo nilichosoma kiko kando ya mfereji uitwao Worcester and Birmingham. Kila jioni nilitembea kwenye njia ya ukingoni, ile iliyokuwa ya farasi, na huko nikajuana na mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, aliyeishi peke yake ndani ya mashua yake. Nitamwita Mzee tu. Nilipomweleza maana ya neno hilo kwetu, alilipenda, akaniambia nisimwite jina jingine.

Mzee alikuwa mgonjwa. Alitakiwa kufika hospitalini mjini kila wiki kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwenye mashua asiyekuwa na gati lake la kulipia hupewa leseni kwa sharti kwamba atasafiri, wala hatakaa mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo. Mahali pengine, hasa katikati ya miji, kibao kilichosimamishwa ukingoni hutaja siku chache zaidi. Gati la kulipia lilikuwa ghali kwa pensheni yake, na yaliyokuwa karibu yalikuwa yamejaa. Mgonjwa yule alihitaji mahali pa karibu, pa salama, na pa kukaa muda mrefu, katika mji ambao kila mwenye mashua apita akitafuta hayo hayo.

Mwanzoni alifanya kama wengi wafanyavyo: alitafuta mahali pa kujificha. Alifunga mashua nje kidogo ya mji, nyuma ya kuta za viwanda vilivyofungwa, ambako hapakuwa na taa wala mpita njia. Aliniambia, "Kijana, hapa hakuna atakayenisumbua." Na kwa kweli palikuwa kimya. Lakini usiku mmoja wahuni walizifungua kamba zake. Nilipofika asubuhi niliikuta mashua imelala mshazari, omo upande huu na tezi upande ule, na Mzee ndani, jiko limezimika, hana nguvu ya kutoka kuivuta. Alikuwa amepiga kelele usiku kucha. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusikia.

Tangu siku hiyo nilianza kumsaidia kutafuta mahali. Kwa kuwa kuuliza si ujinga, niliwauliza wenye mashua waliopita, mmoja baada ya mwingine, na majibu yao yalielekea upande mmoja. Nitayataja kwa ufupi.

La kwanza, walisema, tazama kama ziko mashua nyingine. Mahali pazuri penye nafasi tupu, karibu na mji uliojaa mashua, pana sababu ya kuwa tupu.

La pili, tazama madirisha. Penye nyumba, mikahawa na ofisi zinazotazama maji, mwizi huona haya. Penye kuta tupu pande zote mbili, haoni haya.

La tatu, vuka viunga vya mji asubuhi mapema, watundu wakiwa bado wamelala, nawe uwe umekwisha kufunga kabla ya jua kuchwa. Usianze kutafuta mahali gizani. Katika baadhi ya miji, malango ya maji yametiwa kufuli maalumu kwa sababu ya wahuni wanaofungulia maji, na mwenye mashua hana budi kuwa na ufunguo wake.

La nne, funga kwa akili. Ukiwa porini waweza kupigilia vigingi ardhini, lakini mjini funga kwenye pete za chuma zilizojengewa ukingoni. Pitisha kamba katika pete, kisha irudishe mashuani uifunge huko, ili mpita njia asikute fundo la kuchezea. Usiache kitu cha thamani juu ya paa, na vuta mapazia usiku.

La tano, msalimu jirani siku ile ile uliyofika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa mashauri hayo tuliipeleka mashua katikati kabisa ya mji, mahali paitwapo Gas Street Basin. Safari yenyewe ilikuwa nyepesi, kwa kuwa mfereji ule hauna lango la maji hata moja la kupandia au kushukia kutoka hapo mjini hadi Tardebigge, umbali wa maili 14.

Mahali hapo pana historia ya kuchekesha. Kampuni mbili za mifereji zilikutana pale, na ile ya zamani ikaogopa kwamba ile mpya ingeyanywa maji yake. Basi ukawekwa ukuta wa upana wa futi 7 hivi kati ya mifereji miwili. Shehena zilizofika upande mmoja zilibebwa na watu kuvuka ukuta na kupakiwa upande wa pili. Ujinga huo uliendelea mpaka mwaka 1815, ukuta ulipotobolewa na kuwekwa lango. Leo mashua zimefungwa kandokando ya ukuta huo huo, na watu wa pande zote mbili huamkiana.

Na zamani si kwamba palikuwa salama. Mizigo ilipohamia reli na barabara, mji uliipa mifereji kisogo, maji yakajaa takataka, na kingo zikawa mahali pa kuogopwa. Mambo yalianza kugeuka pale mji ulipoamua kuugeuzia mfereji uso wake. Jumba kubwa la mikutano lilifunguliwa karibu na hapo mwaka 1991. Eneo la Brindleyplace, lililopewa jina la mhandisi yule, likafuata katika miaka ya 1990 na maduka, ofisi na mikahawa yake. Njia za ukingoni zikatengenezwa, watu wakaanza kupita. Vivyo hivyo Liverpool: tangu njia mpya ya maji ilipofunguliwa mwaka 2009, mashua za mifereji zaweza kuingia mpaka Salthouse Dock, katikati ya mji, kwa kuagiza nafasi kabla. Ndugu zangu, naomba mlitie hilo moyoni: ukingo wa maji husalimika watu wanapoutumia kwa mambo ya halali.

Ikabaki ile shida ya siku. Mzee alitaka kunyamaza tu, akitumaini kwamba mkaguzi hatamwona. Aliogopa kuwa akijitokeza atafukuzwa. Mimi, kwa mazoea ya kazi yetu, nikaomba kuisoma sheria yenyewe. Ni sheria ya mwaka 1995, iliyotungwa wakati mifereji ilipokuwa chini ya shirika la umma. Tangu mwaka 2012 mifereji mingi ya Uingereza na Wales, kiasi cha maili 2,000 pamoja na mito yake, iko chini ya mfuko wa hisani uitwao Canal and River Trust, lakini sheria ni ile ile. Nikakuta kwamba baada ya kutaja siku 14, sheria inaongeza: au muda mrefu zaidi ulio wa haki kwa kutazama hali ilivyo. Maneno machache tu, lakini ndani yake mlikuwa na nafasi ya mtu mgonjwa.

Tuliandika barua, tukaambatisha cheti cha daktari, tukataja mahali, sababu na tarehe. Jibu lilikuja kwa lugha ya kawaida ya ofisi: ruhusa imetolewa mpaka tarehe fulani, kisha hali itatazamwa upya. Mzee aliisoma barua ile mara tatu.

Sitawaficha kwamba hakupapenda mara moja. Alilalamikia kelele za mikahawa. Jirani yake wa tezini, kijana mpiga gitaa, alimchosha usiku. Lakini asubuhi moja ya Januari kijana yule aliona kwamba bomba la moshi la Mzee halitoi moshi, na saa zilikuwa zimekwenda. Akagonga. Hakujibiwa. Akafungua mlango, akamkuta Mzee ameanguka sakafuni, akaita gari la wagonjwa, nalo likafika kwa sababu barabara ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Kule nyuma ya kuta za viwanda, nani angetazama moshi wake?

Mzee alipona kiasi cha kuweza kuushika tena usukani. Mwaka 2015, kabla sijarejea nyumbani, aliondoka kuelekea Tardebigge, kwenye ule mfululizo wa malango 30 ya maji. Kijana wa gitaa alikwenda naye kumsaidia kuyafungua.

Vijana wangu, wengi wenu mkimaliza hapa mtakwenda mijini, kutafuta vyuo na kazi. Mtatafuta chumba, na hapo mtakumbana na ushawishi ule ule: kutafuta mahali pa rahisi palipojificha, ambako hakuna anayewajua wala kuwauliza. Nawaasa mtafute penye mwanga na penye watu. Mwamkieni mwenye nyumba, mwamkieni muuza duka wa mtaani, jiandikisheni kwa mjumbe. Kelele kidogo za majirani zavumilika, lakini ukimya wa mahali pasipo na mtu una hatari yake.

Nanyi ndugu zangu tulio maofisini, tukumbuke kwamba kanuni nyingi tunazozisimamia zina maneno yake machache ya huruma, mara nyingi mwishoni mwa kifungu. Mwananchi mnyonge hayajui, naye huogopa kuuliza. Ni wajibu wetu kumsomea kifungu chote, si nusu yake. Nao wananchi wajue kwamba ofisi isiyopewa habari haiwezi kusaidia: andika, ambatisha cheti, taja tarehe, weka nakala.

Mwisho, shule hii imekuwa kwa wengi wetu gati la kwanza tulilofunga kamba tukiwa wadogo na wageni. Tulipokewa kwa sababu walikuwapo waliotutazama. Naomba chama chetu kiendelee kuwatazama hawa wanaotufuata, hasa katika mwaka wao wa kwanza mjini, kwa kuwapa walau jina moja la mtu wa kumbishia hodi.