Waya wa katikati: kutafuta ugonjwa wa betri na chaji katika kamio

Mada kwa semina ya mafundi wa magari makubwa, Mapendo, Goma



Nimeombwa nieleze namna ya kutafuta ugonjwa wa betri na wa chaji katika kamio. Sehemu ya kwanza mnaijua, nitaipita haraka. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ndiyo hiyo hiyo tunayobeba begani hadi leo. Ile ya volti 12 ina vyumba sita. Ikijaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 imebaki na kama robo ya nguvu yake. Kamio nyingi zinazoingia kwetu hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana, chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine. Alternateri ikiwa nzima na injini inawaka, zote mbili kwa pamoja husoma kati ya 27.5 na 28.5. Fasili zimekwisha.

Sasa nizungumzie jambo ambalo nimepigana nalo miaka mingi. Redio ya volti 12, chaja za simu na taa ya kulalia ndani ya kabini haviwezi kula volti 24. Basi mtu huchukua waya mwembamba, anaufunga pale betri mbili zinapokutana, anapata volti 12, na kila kitu kinafanya kazi. Huo ndio waya wa katikati. Sisemi hivi kumlaumu dereva. Anayelala njiani akingoja barabara ifunguke lazima awe na simu yenye moto. Lakini waya ule huua betri, na betri ikifa tunamlaumu aliyeiuza.

Tazameni hesabu. Redio na chaja zikila ampea 3 kwa saa 10 za usiku, ni ampea-saa 30 zimetoka kwenye betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye masi, yaani chuma cha gari. Mwenzake haikuguswa. Asubuhi injini inawaka, na kwa kuwa betri zimefuatana, mkondo unaopita katika moja ndio unaopita katika nyingine. Ile iliyojaa inaendelea kulishwa hadi inachemka, na ile yenye njaa haishibi kamwe. Rudia hivyo kwa miezi miwili, zote mbili zimekufa: moja kwa kiu, nyingine kwa njaa.

Nilipokea kamio iliyokuja na mbao ikisukumwa na vijana. Mwenyewe alikuwa amenunua betri mara mbili katika mwaka mmoja. Tuliichochea kwa betri za gari jingine, injini ikawaka, fundi akaweka multimeta kwenye ncha mbili za mwisho: 28.1. Wote waliosimama pale wakasema alternateri ni nzima, betri ni feki. Nikaomba tupime moja moja. Ya juu, ile isiyofungwa kwenye masi, ilisoma 15.4. Ya masi ilisoma 12.7. Jumlisheni wenyewe: ni 28.1 ile ile. Ya juu ilikuwa ya moto mkononi, inanuka mayai yaliyooza, maji yameshuka chini ya mabamba ya ndani. Na kutoka katikati, chini ya utepe mweusi uliokwisha kunata, waya mwekundu mwembamba ulipita kwenye tundu la sakafu hadi kabini. Haukuwa na fyuzi hata moja.

Kwa hiyo namba ya jumla inadanganya. Alternateri huangalia jumla tu. Haijui kwamba moja inaungua na nyingine inalala. Fundi anayepima jumla naye hatajua. Na kosa letu sisi mafundi ni kubadili ile moja iliyokufa na kuacha ya zamani kando yake. Betri mpya na betri kuukuu hazilingani, na mchezo ule ule unaanza upya hata kama waya umetolewa.

Yapo matatizo mengine, nitayataja kwa ufupi. Kamio zetu hupita juu ya mawe ya lava, mengine yamo humu mjini tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na mtikisiko hulegeza masi. Mmoja aweke ncha ya multimeta kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzake apige demarere, ile mota ya kuwashia injini. Ikizidi nusu volti, safisheni kutu na kazeni kebo kabla ya kununua chochote. Wakati huo huo betri zote mbili kwa pamoja zisishuke chini ya volti 19 hivi. Kuhusu maji: mvua yetu hupita kwenye moshi wa volkano, na maji ya bomba yana madini. Betri inataka maji yaliyochujwa kwa mvuke, na haitaki kuongezewa asidi.

Mapendekezo yangu, ambayo hayachukui nafasi ya maelekezo ya watengenezaji, ni haya. Kila betri ipimwe peke yake, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta waya wa katikati kwanza. Waya huo utolewe, na mahali pake pawekwe konveta ya volti 24 kwenda 12, yenye fyuzi. Bei yake ni ndogo kuliko ya betri moja. Betri zibadilishwe mbili kwa pamoja, za aina moja na ukubwa mmoja. Masi ipimwe kabla ya demarere kufunguliwa. Pia tuache kabisa kuchomoa kebo ya betri injini ikiwaka ili kupima alternateri, maana volti huruka ghafla na kuunguza dayodi. Tena narudia, hata kama nimelisema: pimeni moja moja. Viongozi wa garaji wangefanya vizuri kuandika namba hizo mbili kwenye karatasi ya kazi na kumwonyesha mwenye kamio, ili asiambiwe anunue betri kwa kubahatisha. Na madereva wafundishwe, maana wao ndio wanaofunga waya huo.

Ndugu zangu, mwenye kamio hutoa fedha nyingi kwa betri mbili, na mara nyingi ni fedha ya deni. Hatuna haki ya kumwambia anunue tena kabla hatujapima. Multimeta ziko mezani. Kamio iliyoegeshwa hapo nje ina waya wa katikati, nimeuona asubuhi. Tukimaliza chai tushuke wote, na kila mmoja aandike namba zake mbili.