Jozi ya Dhoruba: Kinengenenge na Safari za Visiwani

Vitabu vya biolojia vina jozi moja ya ndege ambayo hakuna aliyepata kuiona. Dume na jike hupeperushwa na dhoruba, hutua kisiwani wakiwa hoi, hujenga kiota, na kutokana na uchache wa vinasaba vyao huzuka spishi mpya. Hadithi ni tamu, na mhadhara huu unaipinga.

Aliyeipa hadhi ya kitaalamu ni Ernst Mayr, mwaka 1954, baada ya kuwachunguza mdiria wa New Guinea: katika kisiwa kikuu wanafanana, ila katika vijisiwa vya pembeni kila mahali wana sura yao. Akakata shauri kwamba waasisi wachache hubeba sehemu ndogo tu ya vinasaba vya ukoo, na upungufu huo huugeuza ukoo mzima. Kasoro ya Mayr ni hii: aliwakuta ndege wakiwa wenyeji tayari, hakuwaona wakifika.

Yuko ndege aliyeonekana akifika.

Kinengenenge ni ndege mdogo, kijani kwa manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Jenasi yake, Zosterops, ina spishi zaidi ya 80 kutoka Afrika hadi Pasifiki. Mwaka 2009 Robert Moyle na wenzake walionyesha kwamba karibu wote wametawanyika ndani ya takriban miaka milioni mbili, kasi ambayo wanyama wachache wenye uti wa mgongo wameifikia. Pemba ina wake, asiyepatikana kwingine duniani, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1924.

Ila shahidi mkuu anatoka New Zealand. Walter Buller, katika kitabu chake cha ndege wa nchi hiyo, anasimulia kwamba Juni 1856 Mmaori mpeleka barua alileta habari kutoka Waikanae: ameonekana ndege mgeni. Wiki moja baadaye akaja na habari nzito zaidi. Makundi makubwa yalikuwa yamejaa vichakani karibu na pwani, ndege wamechoka kwa safari, na watu waliwakamata wengi wakiwa hai. Wamaori wakawaita vinengenenge hao tauhou, yaani wageni. Mpeleka barua huyo, ambaye Buller hakumtaja jina, anastahili kiti katika idara yoyote ya zoolojia. Alieleza mahali, idadi na hali ya wasafiri, na hakuna mahali alipotaja jozi.

Vinasaba vinamuunga mkono. Mwaka 2002 Sonya Clegg na wenzake walipima vinasaba vya tauhou katika kila hatua ya kuenea kwao, hadi kisiwa cha Norfolk walikofika mwaka 1904. Hakuna kuvuka kumoja kulikopunguza utajiri wa vinasaba kwa kiasi kikubwa. Upungufu ulijilimbikiza baada ya kuvuka mara kadhaa mfululizo. Hapo Mayr apewe haki yake: waasisi huacha alama. Lakini alama hiyo si mapinduzi.

Mwandishi wa mhadhara huu, akiwa mwanafunzi, alikaa asubuhi nzima msituni Ngezi, Pemba, asimwone kinengenenge hata mmoja. Kisha mkarafuu ukajaa ghafla, kumi na kitu kwa pamoja, wakiitana. Mzee aliyekuwa akipita akacheka: “Hao hawatembei peke yao, mwanangu.” Ni kweli kwamba kauli hiyo si takwimu.

Fumbo linabaki. Jared Diamond, Michael Gilpin na huyohuyo Mayr walilitaja mwaka 1976: ndege anayevuka bahari kuu huweza kushindwa kuvuka mlango mwembamba, na katika Visiwa vya Solomon vinengenenge wa visiwa jirani ni spishi mbalimbali. Yaelekea ndege wakishatulia hupoteza hamu ya kusafiri. Kwa Pemba, kusi na kaskazi huvuma karibu sambamba na pwani, kwa hiyo upepo peke yake ni maelezo hafifu. Baada ya kupima yote, mwandishi hajabadili msimamo: vyovyote alivyofika Pemba, kinengenenge alifika na kundi.

Basi watafiti vijana wa Zanzibar wasiishie kuorodhesha spishi. Wahesabu makundi: ni ndege wangapi huruka pamoja, na ni wapi wanapogoma kuvuka maji.