Biashara Ndogo za Wanaume na Wanawake wa Pwani ya Kusini
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Jambo nitakalolisema kila mmoja wetu hulipita asubuhi na jioni bila ya kulitazama sana: ni biashara ndogo ndogo za watu wetu, na tofauti iliyopo baina ya zile za wanaume na zile za wanawake. Sikusimama hapa ili kuwagombanisha wake na waume zao. Nimesimama kwa sababu Mkutano huu umeletewa shauri la kubadili kanuni ya mikopo ya Chama, na si vyema watu kuinua mikono juu ya jambo wasilolipima.

Atokaye Likoni akaifuata barabara kuu, akapita Tiwi na Ukunda, akafika Msambweni na kuendelea hata Lungalunga, ataona biashara za namna mbili. Maduka ya vyombo vya ujenzi, bodaboda, malori ya mchanga na karakana za mafundi aghalabu ni mali ya wanaume. Mahamri na mbaazi za asubuhi, mboga, viazi vya karai, samaki wa kukaanga na makuti yaliyoshonwa, hayo aghalabu ni ya wanawake. Mtu akiulizwa kwa nini biashara za kwanza hukua na za pili hubaki vile vile mwaka baada ya mwaka, jibu jepesi ni kwamba mwanamke hajui biashara. Mimi nasema jibu hilo si la kweli, nanyi mtaamua baada ya kunisikiliza.

Kwanza tutazame hesabu. Mwaka 1999 Serikali ilihesabu biashara ndogo katika Kenya nzima, ikaonekana kwamba katika kila biashara 100, yapata 47 zilikuwa za wanawake. Basi kwa idadi walikaribiana sana na wanaume. Lakini pato la mwanamke kwa mwezi lilikuwa yapata shilingi 4,300, na la mwanamume yapata shilingi 7,600. Hesabu nyingine ilifanywa mwaka 2016. Katika biashara zilizokuwa na leseni, karibu nusu zilikuwa za wanaume peke yao, na za wanawake peke yao zilikuwa karibu theluthi moja. Katika zile zisizokuwa na leseni, yapata 60 katika kila 100 zilikuwa za wanawake. Na asiyekuwa na leseni hufukuzwa barabarani, wala hana karatasi ya kuonyesha anapotaka kukopa.

Sasa tuteremke pwani, tuone mambo yanavyokwenda. Mashua inapofika dikoni, wa kwanza kununua ni tajiri wa samaki. Yeye ana sanduku la barafu, ana chombo cha kuchukulia mzigo, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi wavu au mashua, kwa hivyo mvuvi hana budi kumwuzia yeye. Nguru na kolekole huenda kwa tajiri, na kutoka kwake huenda mahotelini na Mombasa. Wadogo waliobaki ndio wa akina mama karanga, nao huwakaanga na kuwauza vijijini siku ile ile, maana hawana barafu ya kuwahifadhi. Kusi inapovuma na bahari ikachafuka, samaki hupungua, na anayekosa kwanza ni yule anayenunua mwisho. Katika makuti mambo ni yayo hayo. Mwanamke hukaa chini ya mnazi akashona, lakini mwenye lori ndiye ajuaye hoteli gani ya Diani inaezeka paa upya, naye ndiye apangaye bei.

Hiyo ni sababu moja: mwanamke huanza pale penye fedha chache. Sababu ya pili imo ndani ya nyumba zetu wenyewe, na hii ndiyo ningependa wazee waifikirie zaidi.

Natoa mfano. Mama mmoja ana mtaji wa shilingi 1,800. Ananunua samaki kwa 1,500, na mafuta na kuni kwa 300. Samaki wote wakiuzwa, atapata 2,300. Faida ni 500. Lakini watoto wamekula samaki wa 200, na unga, sukari na mafuta ya taa vimechukua 300. Kesho yake ana 1,800 zile zile. Amefanya kazi tangu alfajiri, amelisha nyumba, na biashara haikuongezeka hata senti moja. Siku mtoto atakapougua na kutakiwa shilingi 600, atarudi dikoni na 1,200. Hapo watu watasema biashara yake imemshinda.

Tuchukue na mume wake, mwenye kibanda cha vipuri vya baiskeli na mtaji ule ule. Naye apata faida ya 500, lakini kwa kuwa nyumba imekwisha kula katika karai la mama, zile 500 hurudi kibandani. Baada ya mwaka kibanda kimekuwa duka. Watu husifu akili ya mume, na duka lile limejengwa kwa samaki wa mke.

Jambo hili si la Kwale peke yake. Katika nchi ya Sri Lanka wataalamu waliwapa wenye biashara ndogo fedha za bure, wake kwa waume, ili waone zitazaa nini. Zile za wanaume zilizaa faida, za wanawake hazikuzaa. Wengi wakasema, tazama, mwanamke hajui kutumia mtaji. Lakini mwaka 2019 wataalamu wengine walichapisha matokeo ya kuzitazama upya hesabu hizo pamoja na nyingine za India na Ghana, wakauliza kama nyumba ile ina biashara nyingine. Wakaona kwamba palipokuwa na biashara ya mume, fedha za mke mara nyingi ziliingizwa huko. Na palipokuwa na biashara ya mwanamke tu, mtaji wake ulizaa faida sawa na wa mwanamume.

Na hapa kwetu Kenya, katika mji mdogo wa Bumala upande wa Busia, kuanzia mwaka 2006 wauzaji wa sokoni na waendeshaji wa bodaboda za baiskeli walifunguliwa akaunti za akiba. Akaunti zile hazikutoa riba, na kila atoaye fedha alitozwa ada. Hata hivyo wanawake waliofunguliwa waliongeza mtaji walioutia katika biashara zao kwa asilimia 38 hata 56. Kwa wanaume haikuonekana tofauti. Mwanamke yule hakupewa hata shilingi moja zaidi. Alipewa mahali pa kuweka fedha zake ambapo mkono wa kila mwenye shida haufiki. Kadhalika M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu yenye namba ya siri ikawa kama kasha lenye ufunguo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba wanawake wapata 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakashika biashara kwa sababu yake.

Najua wako wazee wanaohofu kwamba mwanamke akiwa na fedha zake atamdharau mumewe. Sitaki kuidharau hofu hiyo. Lakini wanavyuoni wetu wametufundisha siku zote kwamba alichokichuma mke ni chake, na kwamba kuilisha nyumba ni wajibu wa mume hata kama mke ni tajiri. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara wa Makka mwenye misafara yake. Na katika mila ya Wadigo, kabla ya urithi wa baba kuenea, mtu alimrithi mjomba wake, na fuko lilihesabiwa upande wa mama. Sheria ya nchi nayo, tangu Katiba ya 2010 na sheria ya mali ya ndoa ya 2013, humtambua mke kuwa mwenye mali sawa na mume. Kwa hivyo anayetaka mwanamke awe na daftari lake hazushi jambo jipya.

Wala sisemi kwamba wanawake hawana la kurekebisha. Mmoja akifaulu kwa mahamri, kesho wako watano mtaa ule ule na mahamri yale yale. Na jamaa na majirani hukopeshwa hata mtaji ukaishia vinywani mwao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo haichagui mume wala mke.

Sasa nafikia shauri lenyewe. Kwa kanuni ya leo, mkopo wa Chama huandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba, na dhamana ni hati ya shamba. Hati nyingi zina majina ya wanaume, na jamaa wengi wa pwani hii hawana hati kabisa. Naomba Mkutano ukubali mambo manne.

La kwanza, kila mwanachama, mume au mke, awe na daftari la akiba kwa jina lake mwenyewe, na mkopo atiwe mkononi mwake au katika simu yake, si ya mwingine.

La pili, asiyekuwa na hati adhaminiwe na wanachama watano wanaomjua, na akiba aliyoiweka kwa mwaka mmoja ihesabiwe kuwa ushahidi.

La tatu, Chama kinunue sanduku kubwa la barafu la kuwekwa dikoni, litumiwe na akina mama karanga kwa ada ndogo, ili wasilazimike kuuza kwa bei yoyote kabla jua halijatua.

La nne, ofisi ifunguliwe Jumamosi alasiri, nami nitafundisha bila malipo namna ya kuandika hesabu kwa safu mbili: safu ya nyumba na safu ya biashara. Wanaume nao wanakaribishwa, maana safu ya nyumba ni yao pia.

Mabwana, mwaka 2020 ndege za kutoka nchi za nje ziliposimamishwa tangu Machi hata Agosti, mahoteli ya Diani yalifunga milango, na wengi wetu tulirudi nyumbani mikono mitupu. Katika miezi kama hiyo nyumba yenye milango miwili ya riziki ina nafuu kuliko yenye mmoja. Lakini mlango wa pili hautafaa kitu ikiwa kila siku twaubomoa ili kupata kuni. Tukikataa shauri hili, mama karanga atarudi dikoni kesho na shilingi zake 1,800, na mwakani atakuwa nazo zizo hizo, au pungufu. Uamuzi ni wenu, wazee wangu.